Mafuta ya lipsi ya asili: nimejaribu matatu hapa Mwanza, hili ndo nimebaki nalo

Nianze kwa kusema nauza dagaa Mwaloni Kirumba, mwaka wa sita sasa, maana mdomo wa mtu anayeshinda ndani kwenye kiyoyozi na mdomo wangu haviwezi kupewa ushauri mmoja. Mi saa moja asubuhi nshafika, jua likipanda linanikuta hapo hapo, upepo wa ziwa unapiga usoni mchana kutwa, na ukimwaga gunia la dagaa mkavu lile vumbi lake lote linatua mdomoni. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, ndo balaa, lipsi zinatoa magamba, nikicheka na mteja zinachanika naona damu kwenye kitambaa. Nilikuwa nazilamba siku nzima nikidhani nazilowesha, kumbe mate yakikauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo na unabaki mkavu kuliko ulivyoanza.

La kwanza nililonunua lilikuwa la kijiti, la kijani, mbele limechorwa jani na neno ASILIA kubwa. Ukipaka linapoa vizuri, unasikia ka ubaridi katamu, nikawa nasema hii ndo dawa yenyewe inafanya kazi. Nikapaka asubuhi, saa nne, saa sita, yaani kila likiisha ubaridi napaka tena, wiki mbili nzima, na lipsi zinazidi kuwa nyekundu na kuwaka nikinywa chai. Sikulaumu mafuta, nililaumu jua.

Aliyenifungua macho ni binti wa dada yangu, anasoma famasia, alikuja likizo akanikuta napaka akasema, "Mama mdogo, hebu geuza nyuma nione." Akanionesha maandishi madogo ambayo mi sijawahi hata kuyaangalia. Akasema vitu vinaandikwa kwa kufuata wingi, kinachoanza ndo kingi kuliko vyote, vinashuka hivo hivo mpaka vile vya mwisho ambavyo ni vidogo chini ya asilimia moja, hivo vinaweza kupangwa vyovyote. Langu lilianza na petrolatum, ambayo ni mafuta ya mgando, ikafuata paraffinum liquidum, nayo ni mafuta ya petroli ila ya maji maji, halafu aroma, yaani harufu na ladha ya kuongeza, halafu menthol, na lile jani la mbele lilikuwa la mwisho kabisa mkiani. Na ule ubaridi niliokuwa naufurahia ni hiyo menthol, inadanganya ngozi ihisi baridi, haiponyeshi kitu, na kwenye mdomo uliochanika inaweza kuchoma na kuzidisha kidonda. Ndo maana nilikuwa napaka kila saa.

Hapa niseme kitu kimoja, sisemi mafuta ya mgando ni sumu, wanaosambaza hivo wanatisha watu bure. Yakisafishwa vizuri yanaziba unyevu usitoke, ni bei rahisi, na mwanangu nampaka mpaka leo usiku. Kilichoniuma ni kulipia jani nikapewa kitu ambacho kwenye kopo la kawaida ningekipata kwa nusu ya bei bila hiyo menthol.

La pili nikaruka upande mwingine kabisa, nikataka asili tupu, nikapata kikopo cha mafuta ya nazi na shea bata basi, hamna kingine. Usiku lilikuwa zuri jamani, laini, halina harufu ya dukani. Ila mchana! Nafunga kikopo kwenye pindo la kanga, saa saba nikifungua nakuta maji matupu, yamevujia kwenye hela. Mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24 hivi, na Mwanza mchana tunapita hapo karibu siku zote. Na hata mdomoni yalikuwa hayakai, ukinywa maji tu yameondoka. Kwa mtu wa Njombe kwenye baridi labda, hapa kwetu hapana.

Sasa hili la tatu nililichagua kwa kusoma nyuma, sikuangalia hata rangi ya kikopo. Linatengenezwa na dada mmoja hapa hapa mjini, gramu kumi, elfu nne, nembo ya TBS, wale wa viwango, nilikagua ipo. Limeandikwa vitu vitano tu: Ricinus communis, Cera alba, Butyrospermum parkii, Theobroma cacao, tocopherol. Ukiyaona hivo unaogopa lakini ni majina ya vitu tunavyovijua, ni mafuta ya mnyonyo, nta ya nyuki, shea, siagi ya kakao, na vitamini E ambayo kazi yake kubwa humo ni kuzuia mafuta yasichache. Nta ndo iliyoniokoa, haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 60, kwa hiyo kwenye kanga, kwenye bajaji, popote, kikopo kinabaki kigumu. Na mdomoni inatengeneza utando, unakaa hata ukila. Mnyonyo ni mzito na unateleza, unafanya ile nta isiwe kama mshumaa, na kakao inalainika ikigusa tu joto la mwili. Hamna parfum, hamna aroma, hamna mint wala mdalasini. Mdalasini nao muuangalie, unanukia vizuri lakini ni katika vitu vinavyowawasha watu mdomoni.

Siku ya tatu magamba yalipungua, wiki ya pili nilicheka bila kuona damu. Ila nilibadilisha na namna ya kupaka, nasuuza kwanza lile vumbi kwa maji safi, nakausha kwa kugusa gusa tu, halafu napaka lipsi zikiwa bado na unyevu kidogo, maana nta haileti maji, inafungia yaliyopo, ukipaka kwenye mdomo mkavu unafungia ukavu. Kwa siku napaka mara tatu, kile cha kijani kilikuwa mara kumi.

Kasoro zipo na nazisema. Asubuhi ya baridi ni gumu, lazima usugue kwa kidole kwanza. Na hicho kidole ndo shida yangu kubwa, mi nashika dagaa, siwezi kuchovya kidole kila saa humo ndani, naenda kunawa na sabuni kwanza na bombani kuna foleni. Kingine halina kinga ya jua, mafuta haya ya asili yasikudanganye kwamba yanazuia jua vya kutosha, kama unashinda nje kama mimi tafuta yenye zinki oksaidi au uvae kofia pana, mi navaa kofia. Halafu jirani yangu wa meza ya pili alipaka hili hili langu akavimba na kuwashwa, alivyoenda hospitali akaambiwa huenda ni nta ya nyuki, wapo watu wachache haiwapatani. Kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya mkono siku mbili ndo upeleke mdomoni. Na kama pembe za mdomo zimechanika wiki na wiki haziponi usihangaike na kikopo, nenda kapimwe, inaweza kuwa fangasi au upungufu wa damu.

Kwa elfu nne na kikopo kunifikisha karibu miezi miwili, kwangu mimi hili nawapa nyota nne, hiyo ya tano nimeishikilia kwa sababu ya kidole. Nilimpigia yule dada nikamwambia mayu, yaani mama kwa Kisukuma, sisi wa Mwaloni tutengenezee ya kijiti, ile ya kusukuma, akacheka akasema itabidi aongeze nta kidogo ili isikatike na kwamba anajaribu mwezi huu. Nimemwachia hela ya viwili, kimoja changu na kimoja cha mama mkwe kule Ukerewe, anaanika dagaa juani kuliko hata mimi.