Kipimo gani cha umeme wa boti ununue kwanza, na kipi ukiache dukani

Pampu ya ngama, ile inayotoa maji chini ya boti, haigeuki, lakini mita inasoma volti 12.6 kwenye waya wake. Wenye boti ndogo za faiba hapo hukimbilia pampu mpya, nayo inakataa vilevile. Ubovu uko kwenye waya: chumvi imekula nyuzi za shaba ndani ya ganda, umebaki uzi mmoja au miwili. Mita ya kidijitali haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo uzi mmoja unaitosha. Pampu ya ampea tatu haiwezi kula kupitia hapo. Volti zilizopimwa bila mzigo, yaani kifaa kikiwa hakivuti umeme, hupotosha, na ndiyo maana tumevipanga vifaa hivi kwa jinsi vinavyofichua tatizo chombo kikiwa kinafanya kazi.

1. Maltimita ya kidijitali. Si lazima iwe ya bei kubwa, ila isome volti za DC, yaani umeme wa betri, hadi desimali mbili. Betri ya asidi ya volti 12 iliyotulia saa kadhaa husoma 12.7 ikijaa, 12.2 ikiwa nusu, na ikifika 11.9 imekwisha, kati ya kujaa na kuisha haifiki hata volti moja. Mashine ikiwaka na kupandishwa mzunguko, vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.5. Vikibaki 12.5, betri haichajiwi. Tundu la ampea 10 liwe na fyuzi. Iliyoandikwa UNFUSED kando ya tundu hilo irudishe. Ijaribu palepale dukani kwa betri mpya ya tochi, isome 1.5 hadi 1.6, kisha gusanisha ncha mbili usikie mlio bila kuchelewa.

Nunua pia waya wa mita sita na klipu mbili, maana bila huo hutafika kutoka betri ya tezi hadi taa ya omo. Washa pampu. Ncha moja iwe kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu: namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa hasi, ujumlishe. Kiwango cha ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, kwa taa za usiku na nyaya nyingine zisizofaa kupoteza volti ni asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa 12. Ikizidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya swichi, baada ya swichi. Namba inaporuka ghafla, ubovu umeupata. Mara nyingi ni kishikio cha fyuzi chenye kutu ya kijani, wala si fyuzi yenyewe.

2. Taa ya kujaribia. Globu ya indiketa ya gari, wati 21, kishikio chake, waya mbili na klipu. Huvuta ampea 1.75 hivi, basi ukiifunga mahali pa pampu na ikawaka hafifu, waya ni mbovu hata mita iseme nini. Ya LED haifai, inavuta kidogo mno. Usiiguse kwenye nyaya za kompyuta ya mashine wala vyombo vya kielektroniki. Mwenye fedha ya vitu viwili tu aishie hapa.

3. Klempu mita, ya kukumbatia waya na kusoma mkondo. Sokoni zimejaa zinazopima ampea za AC, umeme wa nyumbani, peke yake, na kwenye boti ya betri hizo ni hasara. Tafuta alama ya A yenye mstari mmoja mzima na mwingine wa vipande chini yake. Hapo utapima mkondo wa stata bila kufungua waya, jambo ambalo maltimita ikilijaribu inaunguza fyuzi. Kwa uvujaji mdogo wa betri usiitegemee: zima kila kitu, vua waya wa hasi, weka maltimita katikati kwenye ampea 10, wala usiwashe mashine. Ampea 0.05 tu hula zaidi ya ampea-saa 8 kwa wiki.

4. Haidromita. Hupima uzito wa asidi ndani ya betri, na ni ya betri zenye vifuniko vya kujazia maji tu. Chumba kimoja kikipishana na vingine kwa 0.050, chumba hicho ni kibovu, na mara nyingi chaja haitaifufua betri. Vaa miwani.

Usinunue: bisibisi ya testa. Taa yake ya neoni hutaka volti za umeme wa nyumbani. Kwenye volti 12 haiwaki hata umeme ukiwepo, na utabomoa mfumo mzima bure.

Kabla ya kupima chochote fungua sehemu ya tangi la petroli hewa ipite. Cheche ya klipu inatosha kulipua mvuke. Mita ikae kwenye kopo lenye mfuniko. Na usimalize fedha yote kwenye vipimo: bakiza ya waya wa shaba uliopakwa bati na viungo vyenye gundi vinavyosinyaa kwa joto, kwa sababu waya ulioliwa na chumvi hukatwa hadi shaba inayong'aa ionekane.