Nilifuata mchele, nikakuta uwanja wa hoki: uzoefu wangu wa Maple Leaf Gardens, Toronto

Shemeji yangu, mwenyeji wa Toronto kuliko mimi, aliniambia nikifika kona ya Carlton na Church niingie supamaketi ya Loblaws, nitafute safu ya 25, kisha nitazame chini. Nikajua ni utani wake wa siku zote. Mimi nilikuwa nimefuata mchele na vitunguu tu. Kumbe kweli: sakafuni, katikati ya rafu, kuna doa jekundu la duara, na watu wanalipitishia vitoroli bila habari nalo. Hapo ndipo palipokuwa kitovu cha barafu ya Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni ya mji huu, tangu 1931 hadi 1999.

Mimi mtoto wa Tanga, magongo niliyoyajua ni ya kwenye nyasi. Lakini jengo hili lilinishika, nikaanza kulisoma. Conn Smythe, bosi wa timu, aliamua kulijenga wakati ule uchumi wa dunia umeanguka. Fedha zilipopungua, mafundi wakakubali asilimia 20 ya ujira wao walipwe kwa hisa. Kazi ilianza Juni 1, 1931, na milango ikafunguliwa Novemba 12 mwaka huohuo. Miezi mitano na ushee! Kwetu miezi mitano hutosha kusimamisha bango la mradi. Siku ya ufunguzi Leafs walifungwa na Chicago 2-1. Siku ya kuaga, Februari 13, 1999, nani akaja? Chicago hao hao, wakawachapa 6-2. Kati ya siku hizo mbili Leafs walitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa hoki, mara 11, la mwisho mwaka 1967, na huo mwaka usiutaje mbele ya shemeji kama unataka chai.

Kilichonigusa zaidi si hoki. Machi 1966 Muhammad Ali alipigana humu na George Chuvalo, raundi zote 15, akashinda kwa pointi. Pambano liliangukia Toronto kwa sababu kauli zake kuhusu vita vya Vietnam zilifanya miji ya Marekani imfungie milango. Marehemu baba alimwona Ali kwa macho yake Dar es Salaam mwaka 1980, safari ile aliyotumwa na Rais Carter kuhusu kususia Olimpiki, na Mwalimu akakataa kumpokea. Baba hakuwahi kuacha kuisimulia. Nilisimama na kikapu changu nikiwaza angesema nini.

Tukija kwenye ukarabati wenyewe: Loblaws walilinunua jengo mwaka 2004, mwaka 2007 likatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa, lakini lilikaa kimya hadi chuo kikuu cha jirani kilipoingia ubia. Ndani wakabomoa karibu kila kitu. Kuta za nje za matofali na paa la kuba vikabaki. Magari chini kabisa, duka usawa wa barabara (lilifunguliwa Novemba 2011), na juu ya duka, mwaka 2012, barafu mpya ya chuo, ambacho leo kinaitwa Toronto Metropolitan University.

Jumamosi nikapanda juu kutazama wasichana wa chuo wakicheza. Hapa ndipo pesa ya tiketi inapojilipa. Barafu imeinuliwa, kwa hiyo kuba ambalo zamani lilikuwa mbali kule juu sasa liko karibu, vyuma vyake vyote unavihesabu, na hakuna nguzo hata moja inayokukata macho. Paki, kile kisahani cha mpira wanachokigombania, ikigonga ubao wa pembeni, mlio unapanda hadi darini na kukurudia. Wachezaji wanapita karibu yako kwa kasi hadi unasikia visu vya viatu vikikwaruza. Vaa koti zito. Mimi nilikwenda na sweta, nikatazama kipindi cha tatu nikiwa nimesimama narukaruka.

Jambo moja linanikera. Yale majukwaa makubwa yamekwenda, na barafu ya juu siyo mahali pale pale walipocheza wakongwe. Mahali penyewe panauza vyakula. Viti vya zamani vya buluu baadhi vimeunganishwa kuwa jani kubwa la mepo, nembo ya timu, ukutani dukani. Zuri, lakini ningependa nikalie kimoja. Hata hivyo, ningewapa nyota nne kati ya tano, maana viwanja vingi vya rika lake vilivunjwa vikasahauliwa.

Ukija kwa treni ya chini ya ardhi, shuka kituo cha College, utembee kidogo kuelekea mashariki. Tazama mechi kwanza, ununue mchele ukishuka. Mimi nilifanya kinyume, nikakaa vipindi vyote vitatu na kilo nane miguuni.