Tahadhari: Nafasi ya utafiti wa kiangazi inayotanguliwa na hundi

Ndugu wanafunzi wa shahada ya kwanza mlioko Marekani, hasa ninyi mlio wa kwanza kufika chuo kikuu katika familia zenu au mnaotoka katika jamii zenye uwakilishi mdogo katika sayansi, kuna matapeli wanaojifanya waratibu wa programu za utafiti za kiangazi, nami wamekwisha kunitapeli dola 2,350.

Walinipata mwezi wa Aprili, na sidhani kama waliubahatisha mwezi huo. Maombi mengi ya programu za REU, yaani za utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambazo Wakfu wa Taifa wa Sayansi, yaani NSF, umekuwa ukizifadhili tangu 1987, hufungwa kati ya Januari na Machi, hivyo kufikia Aprili mtu aliyekwisha kukataliwa mara saba, kama mimi, huipokea habari yoyote njema kwa mikono miwili. Barua pepe ilinipongeza kwa kuchaguliwa kutoka orodha ya akiba, ikataja wiki kumi za kazi, posho ya dola 6,000 na jina la profesa ambaye kweli yupo na kweli ana maabara. Sikushtuka, kwa sababu programu halali hulipa posho, na nyingi hugharamia pia malazi na nauli.

Siku tatu baadaye ikafika hundi ya dola 2,850. Niliagizwa niiweke benki, nibaki na dola 500 kama posho ya kwanza, na zilizosalia nimtumie muuza vifaa vya maabara siku hiyo hiyo. Nilitazama salio, nikaona fedha zimeingia, nikatuma.

Ujanja wote umejificha hapo. Sheria ya Marekani huilazimu benki imruhusu mteja kutumia fedha za hundi ndani ya siku chache, ilhali kugundulika kwamba hundi ni ya kughushi kunaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo salio unaloliona si ushahidi kwamba hundi imelipwa. Ikikataliwa, benki hukata kiasi chote katika akaunti yako, na ulichokwisha kumtumia tapeli kimekwenda. Yangu ilikataliwa siku ya tisa.

Nilipoisoma tena barua ile kwa utulivu, niliona kwamba anwani ilikuwa na jina la chuo, kistari, kisha ikaishia na .com, wakati anwani za .edu hutolewa kwa vyuo vyenye ithibati. (Hata hizo hudukuliwa, kwa hiyo zisiwe kinga yenu pekee.) Wala haikutaja ni ombi lipi kati ya yale saba lililokubaliwa.

Rafiki yangu mwenye viza ya mwanafunzi alitumiwa barua ya namna nyingine, iliyomtaka alipe ada ya kibali ili aingizwe katika REU. Fedha za NSF za programu hizo huwalipia raia au wenye utaifa wa Marekani na wakazi wa kudumu tu, na hakuna ada inayoweza kubadilisha hilo.

Nimekwisha kutoa taarifa benki na kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC. Aliyepokea hundi ya aina hii asiiguse, bali aipigie simu idara ya profesa anayetajwa kwa namba iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Nilipofanya hivyo, nikiwa nimekwisha kuchelewa, katibu wa idara alinikatiza kabla sijamaliza kueleza, akaniuliza kama hundi yangu nayo ilikuwa ya dola 2,850.