Mashine mbili za kuponda mboga za mtoto, na kwa nini ya umeme nimeirudisha kabatini

Wauza vifaa vya watoto wana kipaji cha kukuaminisha kwamba karoti haiwezi kuiva bila mashine yao. Mimi nina mapacha, Kurwa na Doto, na mboga zao nimezipika mwenyewe tangu walipotimiza miezi sita. Katika kipindi hicho jikoni kwangu zimepita mashine mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ni ya umeme, inapika kwa mvuke na kusaga humo humo. Nililetewa na wifi yangu kama zawadi. Nyingine ni ya mkono: bakuli la chuma lililo wazi chini, mpini wa kuzungusha juu, na sahani tatu zenye matundu ambazo unabadilisha upendavyo.

Nianze na ya umeme, maana ndiyo inayovuta macho. Unajaza maji kwenye tangi lake dogo, unakatakata mboga, unazipanga kwenye kikapu, unabonyeza. Ndani ya kama robo saa inalia. Unahamisha vipande kwenye jagi lenye visu, unabonyeza tena, rojo tayari. Raha yake ni kwamba haitaki kusimamiwa. Maji yakikauka inajizima yenyewe, na mwenye mtoto mmoja begani na mwingine anayelia chini anajua thamani ya chombo kisichounguza. Mvuke nao ni upishi mzuri wa mboga. Vitamini C na foleti (vitamini ya kundi B) huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha brokoli kwenye sufuria iliyojaa kisha ukamwaga maji, umemwaga na sehemu ya faida uliyoinunulia.

Sifa zinaishia hapo, na kero ya kwanza ni ujazo. Kikapu kinajaa kwa karoti mbili na kipande cha boga. Kwa mtoto mmoja anayeanza, ambaye Shirika la Afya Duniani linashauri aanze na vijiko viwili vitatu kwa mlo, mara mbili hadi tatu kwa siku, kinatosha na kusaza. Kwa mapacha wa miezi minane ni kupika, kuosha, na kupika tena. Na kuosha kwenyewe! Jagi, kifuniko, mpira wa kifuniko, visu, kikapu, tangi. Ule mpira una mfereji mwembamba unaoficha mabaki ya boga. Usipoung'oa na kuupitishia mswaki, kesho yake unanuka. Jagi la plastiki lilishika rangi ya karoti, na hakuna sabuni iliyofua dafu. Kwenye tangi nako kukaota ukoko mweupe wa chokaa ya maji, wa kuulowekea siki mara kwa mara.

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni visu. Vina kasi moja, na kila kitu kinatoka kwa ulaini ule ule, mtoto awe wa miezi sita au wa tisa. Karoti, boga na viazi vitamu vinatoka vizuri sana, niseme ukweli. Viazi mviringo vinaharibika. Kiazi kikiiva, chembe zake za wanga huwa zimevimba. Visu vya kasi vinazipasua, wanga unamwagika wote na kuwa gundi. Rojo lililotoka lilikuwa likivutika kutoka kijikoni hadi bakulini kama ulimbo, Doto akafumba mdomo na kugeuzia uso ukutani. Njegere nazo zina hadithi yake: visu vinasaga nyama ya ndani lakini ganda halisagiki, linakatika vijiganda vyembamba ambavyo vinanata kwenye ulimi wa mtoto mpaka akohoe na kutaka kutapika.

Sasa ya mkono. Chombo chenyewe ni cha zamani. Mfaransa Jean Mantelet aliipatia hataza mashine ya namna hii mwaka 1932, na inasimuliwa kwamba kilichomsukuma ni viazi vya mkewe vilivyokuwa na mabonge. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Moulinex. Mkewe angeulizwa, huenda angekuwa na maelezo mengine kuhusu hivyo viazi.

Hakuna kisu ndani yake. Kuna bapa la chuma lililokaa mshazari, ukizungusha mpini linasukuma chakula chini na kukipenyeza kwenye matundu ya sahani. Chakula kinabanwa badala ya kukatwa, ndiyo maana kiazi kile kile kilichogeuka gundi kwenye jagi kinatoka humu kikiwa chepesi, kikidondoka punjepunje. Nakilegeza kwa maziwa yale yale anayotumia mtoto, au kwa maji kidogo yaliyochemshwa, na kinakuwa laini bila kunata.

Njegere ndizo zilizonimaliza. Nazipika kwa mvuke wa kawaida, chujio la chuma juu ya sufuria yenye maji kidogo na mfuniko juu, mpaka njegere ikibanwa kwa vidole viwili isambaratike bila ubishi. Namimina zikiwa bado za moto, maana zikipoa zinakaza na mkono unaumia. Nazungusha. Mizunguko ya mwanzo hakuna kitu. Kisha chini ya sahani zinaanza kuchomoza nyuzi fupi za kijani kibichi na kudondokea bakulini. Mpini ukikwama, unazungusha kinyume: bapa linakwangua kilichonata juu na kukigeuza, halafu unaendelea mbele. Mwisho wake juu ya sahani linabaki lundo la maganda makavu yaliyopauka, unalikusanya kwa vidole na kulitupa. Kabla hujaondoa mashine, pitisha mgongo wa kisu upande wa chini wa sahani. Hapo hubaki kijiko kizima cha chakula, na kwa mtoto anayeanza kijiko hicho ni nusu ya mlo.

Sahani tatu ndizo zinazonifanya niitetee mashine hii. Ile ya matundu madogo tuliitumia mwanzoni. Walipozoea kusukuma chakula nyuma kwa ulimi badala ya kukitema, nikahamia ya katikati. Kufika miezi tisa tulikuwa kwenye ya matundu makubwa, chakula kina vibonge laini vya kutafunia kwa fizi. Hatua hii haifai kucheleweshwa: mtoto akipita miezi kumi bila kuonja kitu chenye vibonge, uwezekano wa kuwa msumbufu wa kula baadaye unaongezeka. Kurwa alikohoa na kutoa macho mara chache tulipobadilisha sahani. Mama mkwe akataka turudi kwenye rojo jepesi siku ile ile. Kukohoa kwa sauti na kutoa ulimi ni mwili unajilinda. Wa kutisha ni ukimya, mtoto asiyeweza kulia wala kupumua. Ndiyo maana wanakula wakiwa wamekaa wima na mtu mzima yuko mbele yao, haondoki.

Kuna jambo ambalo maboksi ya mashine hizi hayalisemi, yakiwa yamejaa picha za karoti na maboga: mboga peke yake hazimtoshi mtoto. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua akifikia karibu miezi sita, na karoti haiwezi kuirudisha. Kwa hiyo swali langu kwa mashine yoyote ni kama inaweza maharage, dengu na nyama. Ya mkono inaweza maharage kwa raha, maganda yanabaki juu kama ya njegere. Nyama iliyochemshwa mpaka inachambuka inapita kwenye sahani ya katikati, ila uwe umekula wewe kwanza, maana inataka nguvu. Ya umeme inasaga nyama vizuri kuliko hii, hilo nalipa haki yake. Kwenye mboga za rangi ya chungwa naongeza mafuta kidogo ya kupikia, kwa sababu ile rangi, beta-karotini, mwili huifyonza vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Chumvi na sukari hapana. Asali ndiyo kabisa, haigusi mdomo wa mtoto kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu ulio hatari kwa watoto wachanga.

Kasoro za mashine ya mkono zipo na sitazifunika. Inataka mikono miwili na sehemu imara. Miguu yake inateleza kwenye ukingo wa bakuli la kioo, mpaka uweke kitambaa kibichi chini ya bakuli ndipo itulie. Spinachi inaishinda: nyuzi zinajizungusha kwenye mhimili na kukaba. Spinachi naikata ndogondogo kwanza, na naipika ya kuliwa siku hiyo tu, kwa sababu nitrati, chumvichumvi zake za asili, zinaweza kugeuka nitriti zisizomfaa mtoto zikikaa. Halafu ile springi ya chini ya mpini inashika kutu usipoikausha. Na kwa vijiko viwili tu vya chakula, hakuna haja ya kuitoa kabatini. Uma, chujio na mgongo wa kijiko vinatosha kabisa, na mwenye mtoto mmoja asione aibu kuishia hapo.

Kwa wanaopika kingi kama mimi, nimenunua pia trei za silikoni za kugandishia. Hizi nazisifu bila masharti, mradi uchukue zenye kifuniko, la sivyo boga litanukia samaki wa friza. Kila kitundu kinabeba kama mililita 30, vijiko viwili vikubwa, na silikoni unaisukuma kwa kidole gumba, kipande kilichoganda kinachomoka. Chakula nakipoza haraka na kukiingiza kwenye friza ndani ya saa mbili, kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na ninakitumia ndani ya mwezi mmoja au miwili. Friji ya kawaida haizidi siku mbili. Kupasha ni mpaka kitoe mvuke hadi katikati, kisha kukikoroga na kukiacha kipoe, hasa ukitumia maikrowevu, ambayo huacha sehemu moja vuguvugu na nyingine ya kuunguza. Kilichopashwa hakirudi kwenye friji, na kilichobaki kwenye bakuli baada ya kijiko chenye mate kuingia humo kinatupwa hata kama kinauma.

Kuhusu kukataa chakula, usiilaumu mashine haraka. Koliflawa ilitemwa hapa mara nyingi, laini na yenye vibonge, mpaka siku moja Doto akaimeza na kufungua mdomo tena. Watoto wengi wanahitaji kuonjeshwa kitu kipya mara nane, kumi au zaidi. Kiasi kidogo, bila kulazimisha, kesho tena.

Nani anunue nini? Ukiwa na mtoto mmoja, jiko dogo, na mikono inayouma, ya umeme itakusaidia miezi miwili mitatu ya mwanzo. Tafuta ambayo jagi lake ni la kioo na mpira wa kifuniko unang'oka kwa urahisi. Wengine wote nawaelekeza kwenye ya mkono. Chukua ya chuma kisichoshika kutu, maana ya plastiki inapinda ukiibana kwa maharage. Hakikisha ina sahani tatu, sio moja, na kwamba mpini, bapa na sahani vinaachana bila bisibisi. Izungushe pale pale dukani ikiwa tupu: bapa likiparuza sahani upande mmoja na kuelea upande wa pili, irudishe kwenye rafu uchukue nyingine.