Seva ya Kukodi: Alama ya Kijani Isikudanganye

Niaje wasee, karibuni. Leo ni zamu ya kile kifurushi cha seva ya michezo ya kompyuta mlichoniulizia sana, cha kulipia kwa M-Pesa kila mwezi. Jina la kampuni nalibana, sitaki kesi.

RAM iko sawa, prosesa iko sawa. Paneli ni safi, hata asiyewahi kugusa Linux ataielewa. Hapo sina neno. Kinachonikera ni kitufe cha kusasisha kiotomatiki. Ndicho wanachokitangaza zaidi, na ndicho kibovu.

Mnaoendesha seva za mchezo wa Rust mnajua. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa moja jioni ya London, Facepunch, watengenezaji wake, wanaachilia sasisho la lazima. Hapa Nairobi ni saa tatu usiku, au saa nne Waingereza wakirudisha saa zao nyuma. Wachezaji wako Steam, duka walikonunulia mchezo, inawasasishia yenyewe. Seva yako ikibaki na toleo la zamani, hawaingii. Na kwa vile ramani zote zinaanza upya, huo ndio usiku kila mtu anataka kuingia.

Sasa tazameni skrini. Hii nimerekodi usiku wenyewe. Paneli imeweka alama ya kijani: "Imesasishwa." Nashuka kwenye konsoli, pale seva inapoandika ripoti zake... mnaona huo mstari? Hitilafu 0x202. Kwa SteamCMD, programu inayopakua faili za seva, mara nyingi hiyo maana yake diski imejaa. Faili mpya hupakuliwa kando kwanza, ndipo ziwekwe mahali pa zile za zamani, kwa hivyo lazima pawe na nafasi ya ziada, na kifurushi hiki cha bei ya chini hakina. Sasisho halikuingia! Seva imewaka na toleo lile lile, na paneli imepaka kijani kwa sababu tu imewaka. Huku WhatsApp: "Admin, seva imekufa?" "Boss, VIP nililipia ya nini?"

Unafuta chelezo (nakala za akiba) za zamani upate nafasi, unabonyeza tena, unaingia foleni. Wapangaji wote wa mashine ile wanaigombania diski moja saa ileile. Halafu hawa jamaa wamelazimisha validate kila mara, yaani kila faili inakaguliwa, na iliyobadilishwa inarudishwa kuwa ya asili. Oxide, ile inayoendesha plagini (nyongeza za seva), inaenda na maji, unaiweka upya. Plagini zikivunjika baada ya hapo, hiyo ni juu ya waliozitengeneza, kampuni siilaumu.

Tiketi yangu ilijibiwa asubuhi: "Jaribu kuwasha upya." Haya basi.

Kuna watakaosema zima kusasisha kabisa. Kwa Rust haiwezekani. Kwa Minecraft ya Java, kukaa na toleo la zamani ukisubiri Paper, programu ya seva inayokubali plagini, na plagini zenyewe zitulie ni akili, naunga mkono. Lakini kumbukeni Desemba 2021, shimo la usalama la Log4j, kipande cha programu kilichomo ndani ya Minecraft. Ujumbe mmoja kwenye gumzo ulitosha kumfanya mtu aendeshe programu yake ndani ya seva yako. Mojang, wenye Minecraft, walitoa toleo 1.18.1 la kuliziba tarehe 10 mwezi huo. Siku kama hiyo hutaki kuwa kwenye foleni ya mtu.

Na wewe unayewaza kuiweka nyumbani Roysambu: foleni hakuna, ila stima ikipotea katikati ya kupakua, utaishukuru hiyohiyo validate niliyoisema vibaya.

Uamuzi wangu? Kwa Minecraft ya marafiki, chukua. Kwa Rust yenye watu waliolipa, hapana, mpaka wakuruhusu kuandika amri za SteamCMD mwenyewe, wakuongezee diski, na chelezo ichukuliwe kabla ya sasisho. Waulize hayo matatu kabla hujatuma pesa. Wakikujibu "usijali, ni otomatiki," tafuta kwingine. Alhamisi ya kwanza ijayo nitakuwa hapa moja kwa moja na seva ya kampuni nyingine, tuone nayo itachukua muda gani.