Uzoefu wangu: ziara ya miguu Nantes, mji wa watemi wa Bretagne

Kwa wanaopita Ufaransa na wameshachoka kupiga picha chini ya Mnara wa Eiffel: Nantes iko kiasi cha saa mbili na ushee kwa treni ya kasi kutoka Paris. Kuna ziara za miguu pale zinazosimulia habari za utemi wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, nchi iliyokuwa na mtemi wake, baraza lake, jeshi lake na sarafu zake za dhahabu, ilhali kisheria ilihesabika kuwa chini ya taji la Ufaransa. Nilijiunga na mojawapo. Naipa nyota nne kati ya tano. Kampuni siitaji, zinazotoa ziara za aina hii ziko zaidi ya moja, na ninayoyasema yatakufaa kuipima yoyote utakayoichagua.

Mnakutana mbele ya ngome ya watemi, hatua chache kutoka kituo cha tramu kiitwacho Duchesse Anne. Mtemi François wa Pili alianza kuijenga upya mwaka 1466. Ukiwa nje unaona kuta nene, minara ya mviringo na handaki la maji. Ukishavuka lango, mbele yako linasimama jumba jeupe la mawe ya chokaa, limenakshiwa madirishani kama la mtu asiye na adui duniani. Uani kuna kisima, na juu yake chuma kimefinyangwa umbo la taji. Kuingia uani na kupanda kutani ni bure, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba hiyo ni sehemu ya bei aliyokutoza.

Kilichonifanya niipende ziara hii ni namna mwongozaji alivyolieleza suala la kiapo. Hakutoa mhadhara. Aliwaita wageni wawili mbele, mmoja akawa mfalme, mwingine mtemi. Kwanza akamwambia mtemi apige magoti, bila upanga, aviweke viganja vyake katikati ya viganja vya mfalme. Hicho ndicho kiapo cha utii kamili: umekuwa mtu wake, vita vyake ni vyako, adui yake ni adui yako. Kisha akamwinua, akamtaka aape tena akiwa amesimama, upanga kiunoni. Hapo anakiri tu kwamba ardhi yake ina mwenye cheo kikubwa zaidi juu yake, basi. Wanasheria wa mfalme walidai kiapo cha kwanza. Watemi wa Bretagne waling'ang'ania cha pili. Kwa vizazi kadhaa nchi mbili ziligombana juu ya magoti ya mtu mmoja, na ukishaona mgeni mwenzako anavyojisikia akipiga magoti mbele ya umati, huoni tena kwamba ugomvi ule ulikuwa wa kipuuzi. Watemi hawakuishia hapo. Walivaa taji, wakajiandika kuwa wanatawala kwa neema ya Mungu, maneno ambayo wafalme hawapendi kuyasoma kwenye barua ya mtu wa chini yao.

Vita vya urithi vilivyoanza 1341 alivipitia haraka, na alifanya vyema, kwa sababu majina yote ni Jean na Charles na Jeanne. La kushika ni kwamba kila upande ulikuwa na mlezi: mmoja mfalme wa Ufaransa, mwingine mfalme wa Uingereza. Aliyeungwa mkono na Uingereza, Jean wa Nne, akashinda pale Auray mwaka 1364, na mwaka uliofuata mkataba ukatiwa saini Guérande. Ila kuna kisa kimoja alichokaa nacho, nami nakirudia hapa kwa kuwa ndicho kinachoieleza Bretagne kuliko vingine. Jean wa Nne aliwachosha makabaila wake kwa kuwakumbatia mno Waingereza, hata akalazimika kukimbilia Uingereza. Mwaka 1378 mfalme Charles wa Tano wa Ufaransa akaona ngoma imeiva, akatangaza kuutaifisha utemi mzima. Lahaula! Makabaila walewale waliomkimbiza mtemi wao wakaungana na kumwita arudi, naye akarudi 1379. Kumchukia mtawala wako ni jambo moja, kumpa jirani hati ya shamba ni jambo jingine.

Kutoka hapo ziara inamfikia Anne, binti wa François wa Pili, na hapa ndipo nilipoanza kukunja uso. Mambo yenyewe ni makubwa. Bretagne ilipigwa vibaya na Ufaransa pale Saint-Aubin-du-Cormier tarehe 28 Julai 1488, na baba yake Anne akalazimika kukubali kwamba binti zake wasiolewe bila idhini ya mfalme wa Ufaransa. Baba akafariki Septemba, binti ana miaka 11. Mwaka 1490 akaozwa kwa wakala kwa Maximilian, wa ukoo wa kifalme wa Habsburg, bwana harusi mwenyewe hayupo. Wafaransa wakauzingira mji wa Rennes alikokuwa Anne, na Desemba 1491 Anne akaolewa Langeais na Charles wa Nane, mfalme yuleyule aliyekuwa akimpiga vita, kwa sharti kwamba mfalme akifa bila mtoto wa kiume, mjane ataolewa na mrithi wa kiti. Akafa kweli, 1498, baada ya kugonga kichwa kwenye mlango pale Amboise. Januari 1499 Anne akafunga ndoa Nantes na mrithi huyo, Louis wa Kumi na Mbili.

Mwongozaji aliyasimulia haya kama tamthilia ya mapenzi na machozi. Mimi nilitaka habari za fedha. Kwa nini ukuta ulibomoka safari hii, wakati 1379 ulisimama? Jibu liko kwenye posho: makabaila wengi wa Bretagne walikuwa tayari wanalipwa na mfalme wa Ufaransa, na walimchukia mweka hazina wa mtemi, Pierre Landais, mtu wa Vitré kutoka familia ya biashara ya nguo aliyepanda cheo hadi akawapita. Mwaka 1485 walimkamata na kumnyonga hukuhuku Nantes. Mwongozaji alimtaja kwa sentensi moja, akarudi kwenye gauni la harusi.

Ziara inaishia kanisa kuu, kwenye kaburi la François wa Pili na mkewe Marguerite, kazi ya Michel Colombe iliyokamilika 1507. Hapo usikimbie. Zunguka nyuma ya sanamu ya Busara uone sura yake ya pili, ya mzee, imefichwa kisogoni mwa msichana. Kanisa lilifungwa miaka mingi kwa sababu ya moto wa Julai 2020, kwa hiyo kuliona tena ndani ni bahati.

Na papo hapo tunaambiwa: mwaka 1532 baraza la Bretagne lilikutana Vannes, likaomba kuunganishwa na Ufaransa, hadithi imekwisha, asanteni. Hapa ndipo nyota ya tano ilipodondokea. Muungano ule ulikuwa na masharti: kodi mpya isitozwe bila idhini ya baraza, watu wa Bretagne wasihukumiwe nje ya nchi yao. Masharti hayo yalipiganiwa hadi usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, mapinduzi yalipofuta upendeleo wa majimbo yote. Bretagne haikulipa ushuru wa chumvi, na jirani zake wa Anjou na Maine walilipa mno. Mpaka wote ukawa njia ya magendo: wanaume, wanawake wenye mafungu chini ya sketi, hata mbwa waliofundishwa kubeba chumvi usiku. Aliyekamatwa na silaha alipelekwa kupiga makasia kwenye jahazi za mfalme. Mwaka 1675 watu waliasi kwa ajili ya kodi za karatasi zenye mhuri na tumbaku. Na tarehe 26 Machi 1720, wakuu wanne wa Kibretoni walikatwa vichwa kwenye uwanja wa Bouffay kwa njama iliyotokana na ugomvi wa kodi. Uwanja huo tuliupita. Tulioneshwa mikahawa ya chapati nyembamba za Kibretoni.

Mambo madogo: njia ina mawe, vaa viatu vya kutembelea, na mvua ya huko haipigi hodi. Kiingereza cha mwongozaji kilieleweka vizuri, na maswali aliyapokea bila haraka, hata la kuchokoza kwamba leo Nantes haimo kabisa katika mkoa wa Bretagne. Makumbusho ya ndani ya ngome hayamo kwenye ziara. Kata tiketi mwenyewe ukayaone, hasa vyumba vya biashara ya utumwa, maana bandari hii ndiyo iliyotuma zaidi ya asilimia 40 ya misafara ya watumwa ya Ufaransa. Ukipata siku ya ziada, nenda Guérande, ambako ule mkataba wa 1365 ulitiwa saini. Kuta za mji zipo bado, na nje yake wanavuna chumvi hadi leo.