Kimi: Filamu Inayotaka Isikilizwe

Angela Childs anaishi peke yake katika ghorofa jijini Seattle, na kuvuka kizingiti cha mlango wake kumekuwa mtihani asiouweza. Shambulio alilofanyiwa zamani lilimtia hofu ya kutoka nje, na janga la UVIKO-19 likaizidisha. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za watu wanaozungumza na Kimi, spika janja ya nyumbani, na kurekebisha pale kifaa kiliposhindwa kuwaelewa. Siku moja, chini ya muziki wenye kishindo, anasikia sauti ya mwanamke anayeteswa.

Hapo ndipo filamu hii ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Steven Soderbergh na kuandikwa na David Koepp, inaponikamata. Angela anavaa hedifoni, anaushusha muziki kidogo kidogo na kuzipandisha sauti za watu, hadi kilichokuwa kelele tupu kinageuka ushahidi wa uhalifu. Hakuna anayekimbia wala anayefyatua risasi. Tunaona vidole vinavyosogeza vitufe na uso unaobadilika wa Zoë Kravitz, anayemwigiza Angela, na hilo latosha kumfanya mtazamaji ashike pumzi.

Jambo la kutisha zaidi halikubuniwa. Mwaka 2019 ilifahamika hadharani kwamba watu walioajiriwa kuboresha huduma za sauti za Amazon, Google na Apple walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za wateja, na filamu inalichukua jambo hilo bila kulitia chumvi.

Kravitz anaibeba hofu ya Angela mwilini. Mapema tunamwona akijiandaa kwenda kukutana na mwanamume anayempenda, anafika mlangoni, na mwili unamgomea. Anapolazimika kutoka kweli, anatembea kwa kasi huku amejikunyata, nayo kamera, iliyokuwa imetulia ndani ya nyumba, inainama na kumkimbilia kana kwamba jiji zima limekosa mizani.

Wabaya wa hadithi ndio walionikatisha tamaa kidogo. Mkuu wa kampuni inayotengeneza Kimi hakupewa undani wowote, na mapambano ya mwisho, ijapokuwa yanasisimua, yanamalizwa haraka mno kwa filamu iliyojenga taharuki yake kwa subira kiasi hicho. Hata hivyo, dakika 89 hizi hazina tukio la kujazia nafasi, na ninampendekezea kila mpenzi wa filamu za taharuki azitazame usiku akiwa amevaa hedifoni, kwa sababu spika ndogo za simu zitammezea nusu ya kile anachokisikia Angela.